Kutoka Hazina Hadi Matai: Historia ya Mashine Moja na Vituo Vyake

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya mabweni, walimu, jembe la asubuhi na mpira wa jioni, na kwa hayo sina la kuongeza. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu tulioingia katika utumishi wa umma tunaligusa kila siku pasipo kulichunguza. Imekuwaje hata mhasibu aliyeketi ofisini Matai asiweze kulipa vocha moja mpaka mashine iliyo mbali, ambayo hajapata kuiona, imwitikie?

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 50, na historia hiyo inagusa Hazina, Mkoa wetu wa Rukwa, Wilaya ya Kalambo, na hata uamuzi ambao chama chetu kinatakiwa kuufanya katika mkutano huu. Nawaomba wasomaji wanivumilie nianze na maelezo ya kitu chenyewe, maana bila kukielewa historia yake haitaeleweka.

TEMINALI NI KITU GANI

Kompyuta ya kawaida ina mambo manne ndani yake: sehemu ya kufanyia hesabu, kumbukumbu ya kazi inayofanyika sasa, ghala ya kuhifadhi majalada, na programu zinazoieleza la kufanya. Teminali ina sura ya kompyuta, yaani kioo na kibodi, lakini mambo hayo manne ama haina au inayo kwa uchache sana. Hayo yote yamewekwa katika mashine moja kubwa iitwayo seva. Ndiyo sababu wataalamu huita kifaa hicho teminali nyembamba.

Ukibonyeza herufi A, teminali haifanyi lolote na herufi hiyo. Kazi yake ni kupeleka habari kwa njia ya waya kwamba kibonye fulani kimebonyezwa. Seva huipokea habari hiyo, huiingiza katika programu, hufanya hesabu inayotakiwa, huchora sura mpya ya kioo, na kuirudisha sura hiyo kwako. Unachokiona mbele yako ni picha ya kazi inayofanyika kwingine. Teminali nyingine hata kuamka haziwezi peke yake: ukiwasha umeme, kwanza huuliza katika mtandao, “Mimi ni nani, na seva yangu ni ipi?” Zikijibiwa huletewa programu ya kuanzia kazi. Zisipojibiwa hubaki na kioo cheusi.

Faida zake si chache. Kifaa chenyewe ni rahisi na hula umeme kidogo. Mwizi akikiiba hajaiba jalada hata moja, kwa kuwa majalada hayamo. Programu ikibadilishwa katika seva, imebadilika kwa watumiaji wote asubuhi ileile. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: seva ikilala, au njia ya kuifikia ikikatika, wote hulala.

Sisi watu wa Ufipa tuna mfano wa jambo hili katika ardhi yetu wenyewe. Wazee wetu waliofua chuma walikuwa na tanuri kubwa la udongo, ilungu, ambalo urefu wake ulimpita mtu, na mabaki ya matanuri hayo yangali yakionekana katika uwanda wetu. Humo ndimo mawe ya chuma yalimoyeyushwa. Kisha palikuwa na tanuri dogo, kintengwe, la kusafishia chuma kilichotoka katika lile kubwa. Kintengwe kilikuwa chepesi kujengwa na kilihitaji mkaa kidogo, lakini bila ilungu hakikuwa na kazi. Tofauti ni kwamba ilungu la wazee lilikuwa karibu, na waliolitumia walijua kulijenga na kulitengeneza. Naomba tofauti hiyo ikumbukwe, nitairudia.

MASHINE YA HAZINA

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500. Iliuzwa na kampuni ya Kiingereza ya International Computers and Tabulators, ingawa kwa asili mashine hiyo ilibuniwa na RCA ya Marekani. Mwaka 1968 kampuni hiyo iliungana na nyingine ikawa ICL, na wazee waliofanya kazi Hazina miaka hiyo wanalikumbuka jina hilo.

Wakati huo mikoani hapakuwa na teminali. Karani aliandika karatasi, karatasi zikasafirishwa Dar es Salaam, huko zikageuzwa kadi zenye matundu, na kadi zikalishwa mashine. Waya uliounganisha Sumbawanga na mashine ya Hazina ulikuwa mfuko wa posta ndani ya lori au basi, na ninyi mnaozijua barabara za Ufipa za masika hamhitaji kuelezwa mwendo wake. Mtumishi aliyehamishwa alingoja karatasi zifike, zisomwe, na majibu yarudi. Kwa hiyo hali ya kuitegemea mashine ya mbali imetangulia teminali. Kilichobadilika baadaye ni muda wa kungoja tu.

Mwaka 1972 Serikali ilitangaza siasa ya Madaraka Mikoani. Shabaha yake ilikuwa kuyapeleka madaraka karibu na wananchi, na maofisa wengi wakuu walipelekwa mikoani kwa kazi hiyo. Lakini katika mpango huohuo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na pamoja nazo zikaondoka hesabu zao, kodi zao na mafungu yao wenyewe. Ofisi zilisogea karibu, bali daftari la fedha lilisogea Hazina. Mkoa wetu wa Rukwa ulizaliwa katika hali hiyo mwaka 1974, ulipoundwa kwa kuitoa Sumbawanga katika Mkoa wa Mbeya na Mpanda katika Mkoa wa Tabora.

Mwaka huohuo wa 1974 lilitokea jambo jingine. Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Kabla ya hapo Hazina ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine, ikapata hasara kubwa. Mipango haikuwa tayari, mafunzo yalikuwa haba, na wengi wa waliotengeneza programu walikuwa wataalamu wa kigeni ambao mikataba yao ilipokwisha waliondoka na ujuzi wao. Tena fedha za kigeni zilikuwa adimu baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Kompyuta zilizokuwa nchini wakati huo zilihesabika kwa vidole.

Vijana wa leo huicheka amri hiyo. Mimi siicheki. Naona kwamba Taifa lilikuwa limeweka daftari lake ndani ya chombo ambacho wenyewe wachache mno walikielewa, na chombo kilipokwama hapakuwa na wa kukikwamua. Marufuku yenyewe iliharibu mambo pia, maana kwa muda wa miaka kumi na zaidi vijana wetu wengi walikosa mahali pa kujifunzia. Amri ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, na hata hapo maombi ya kuagiza kompyuta yalipitia kwanza mikononi mwa kamati.

WENZETU WALIFANYA NINI

Wakati sisi tukiwa katika marufuku, nchi za nje zilipita njia ya kwenda na kurudi. Mwaka 1961 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha kwamba kompyuta moja kubwa inaweza kuwahudumia watu kadhaa kwa zamu fupi fupi, kila mmoja akiwa mbele ya teminali yake na kudhani mashine ni yake peke yake. Mwaka 1964 chuo cha Dartmouth kiliwapa nafasi hiyo wanafunzi wa kawaida. Mwaka 1971 kampuni ya IBM ilitoa teminali za 3270, ambazo zilienea katika mabenki, mashirika ya ndege na ofisi za serikali za nchi nyingi.

Kisha mwaka 1981 IBM hiyohiyo ilitoa kompyuta ndogo ya mezani, kila mtu na yake, na watu wengi wakaamini kwamba zama za mashine moja kubwa zimekwisha. Haikuwa hivyo. Ofisi yenye kompyuta 300 iligundua kwamba ina madaftari 300, na hakuna mawili yanayolingana. Mwaka 1995 kampuni ya Citrix ilitoa programu ya WinFrame, na mwaka 1998 Microsoft ikatoa Windows NT ya aina ya teminali, ili kompyuta za mezani zirudi kuwa vioo vya seva. Duara likawa limefungwa.

Hapa kwetu, kwa ajili ya marufuku, duara hilo lilizunguka upesi zaidi. Ofisi zetu zilipoanza kupata kompyuta za mezani kwa wingi katika miaka ya 1990, zilipita kipindi kifupi tu cha “kila meza na yake” kabla ya mashine kuu kurudi.

KILA HALMASHAURI NA DAFTARI LAKE

Halmashauri za wilaya zilirudishwa mwaka 1984, kwa nguvu ya sheria zilizotungwa mwaka 1982. Ziliporudi zilikuta madaftari makubwa ya hesabu, kalamu nyekundu na mashine ya chapa. Katika Wizara, nako, hali haikuwa njema. Idara iliweza kutoa LPO kwa mwenye duka ilhali kifungu chake hakina fedha, na habari zikajulikana miezi baadaye wakati mwenye duka alipokuja kudai.

Mwaka 1998 Hazina ilianza kuutumia mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha uitwao IFMS, kwa programu ya Platinum, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Epicor. Miaka michache baadaye wizara zote ziliingizwa humo. Seva ilikaa Hazina, na wizara zikaunganishwa nayo kwa mtandao. Nguvu ya mfumo huo ilikuwa katika kanuni moja: fedha hutengwa kwanza, LPO hutoka baadaye. Kifungu kikiwa kitupu, mfumo hautoi LPO, hata aliyeomba awe mkubwa kiasi gani. Karani wa ngazi ya chini, ambaye zamani hangethubutu kumwambia mkubwa wake “hapana”, sasa aliweza kuonyesha kioo na kusema, “Mzee, mfumo umekataa.”

Halmashauri nazo zilipewa Epicor katika miaka ya 2000, lakini kwa namna nyingine. Kila halmashauri iliyofikiwa iliwekewa seva yake, katika chumba chake chenye kiyoyozi na kufuli. Mtandao wa nje ukikatika, mweka hazina aliendelea na kazi, kwa kuwa daftari lilikuwa mlango wa pili kutoka kwake. Waliofanya kazi wakati huo wanakumbuka pia upande wa pili. Seva ziliungua kwa radi na umeme wa kupanda na kushuka. Nakala za akiba zilihifadhiwa katika droo ya meza ileile, au hazikuhifadhiwa kabisa. Mahali pengine tarehe zilirudishwa nyuma na hesabu za mwezi uliofungwa zikafunguliwa tena, na mkaguzi alipokuja mwishoni mwa mwaka alikuta daftari safi lisilofanana na fedha zilizoko benki.

Kwa sababu hizo, mwaka 2012 Epicor ya halmashauri ilihamishiwa katika seva ya pamoja mjini Dodoma, chini ya ofisi iliyosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Halmashauri zikabaki na vioo.

Sasa hapa nawaomba wana-Matai waangalie tarehe. Mwaka huohuo wa 2012 ndio Wilaya ya Kalambo ilipoanzishwa, kwa kumegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, na Matai ikawa makao yake makuu. Wilaya kongwe ziliwahi kuishi na daftari lao nyumbani, zikajua raha yake na taabu yake. Kalambo ilizaliwa wakati madaftari yanaondoka. Tangu siku yake ya kwanza, kitabu chake cha fedha kimekuwa mbali, na watumishi wake wa kwanza wamekijua kwa picha ya kioo tu.

Kuanzia mwaka 2019 Serikali ilianza kutumia mfumo wa MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wa humu nchini, kwanza katika wizara na baadaye katika halmashauri. Tangu mwaka 2017 makusanyo ya Serikali nayo yamekuwa yakipitia mfumo wa GePG, ule wa namba ya malipo ambayo kila mwananchi ameizoea. Mifumo hii hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Kompyuta iliyo juu ya meza ya mhasibu inaweza kuwa na nguvu kuizidi mara elfu nyingi ile ICT 1500 ya mwaka 1965, lakini mbele ya MUSE nguvu hizo karibu zote hukaa bure. Imegeuka teminali nyembamba yenye mwili mnene.

NJIA YENYEWE

Wengi hudhani kinachochelewesha ni umbali. Tuupime. Katika nyuzi za kioo za mkongo, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata njia ya kutoka Matai hadi Dodoma ikiwa na mizunguko ya kilomita 1,500, kwenda na kurudi ni sehemu 15 tu za elfu za sekunde. Kidole hakiwezi kutambua. Lakini ofisi inayotegemea setilaiti ile ya kusimama mahali pamoja angani, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hupeleka habari juu na chini, na jibu nalo juu na chini. Hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila swali, hata kama seva imejibu papo hapo. Ukurasa mmoja ukiwa na maswali 20 yanayofuatana, mhasibu amengoja sekunde 10 kabla hajaanza kazi.

Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka 2009, na ukajengwa kwa mizunguko. Njia ya magharibi hupita Tunduma, Sumbawanga na Mpanda kuelekea Kigoma, na maana ya mzunguko ni kwamba upande mmoja ukikatwa, habari zipite upande wa pili. Udhaifu uko katika kipande cha mwisho, kutoka njia kuu hadi wilayani, ambacho aghalabu ni waya mmoja au mnara mmoja. Greda la barabara, moto wa kiangazi au radi ya Januari inatosha kukikata.

Si mara ya kwanza pande hizi kukaa kwenye waya wa watu walio mbali. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alipatana na Serikali ya Ujerumani ili waya wake wa simu ya maandishi, aliokusudia kuufikisha Cairo, upite katika koloni lao. Waya huo ulitoka kusini, ukapita mashariki ya Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, ukaishia hapo. Wenyeji waliona nguzo zikipita katika ardhi yao, lakini habari zilizopita juu yake hazikuwa zao.

Umeme nao una kisa chake. Kwa miaka mingi Rukwa haikuunganishwa na gridi ya Taifa, na Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia. Kwa hiyo ili vocha moja ilipwe ilibidi mambo matatu yakubaliane: umeme wa nchi jirani, waya wa njiani, na seva ya makao makuu. Ofisi ya wilaya haikuwa na mamlaka juu ya hata moja kati ya hayo matatu.

FAIDA NA GHARAMA

Sitaki nieleweke vibaya. Mimi nimefanya kazi na daftari la nyumbani na pia na daftari la makao makuu, na nasema bila kusita kwamba la pili ni safi zaidi. Kurudisha tarehe nyuma kumekuwa kugumu. Kila kibonye kilichobonyezwa kina jina la aliyekibonyeza. Mkaguzi anaweza kuanza kazi yake kabla hajapanda basi. Mwananchi anayelipia leseni kwa namba ya malipo hana haja ya kuhofu kwamba stakabadhi yake ni ya kitabu cha pili kilichofichwa uvunguni.

Gharama zake hazionekani katika taarifa. Nitatoa mfano wa halmashauri moja nisiyoitaja. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na fedha ambazo hazikutumika zinaweza kurudi Hazina. Asubuhi ya tarehe 29 mtandao ulikatika. Juu ya meza palikuwa na vocha zaidi ya 40 zilizokwisha idhinishwa, mojawapo ya fundi aliyejenga vyumba viwili vya madarasa kwa kukopa saruji dukani. Fedha zilikuwapo, kazi ilikuwa imekaguliwa, sahihi zote zilikuwapo. Mtandao ulirudi usiku wa tarehe 30, wakati ambapo inaelekea nchi nzima ilikuwa imo ndani ya mfumo ikikimbizana na saa sita, na kila ukurasa ukawa unafunguka kwa taabu. Tuliwahi kulipa vocha 11. Ya fundi haikuwamo.

Fundi yule alilipwa miezi mitano baadaye, baada ya fedha kuombwa upya. Katika miezi hiyo alikuja ofisini karibu kila Jumatatu, na mwenye duka wa saruji alikuwa akienda nyumbani kwake karibu kila Jumamosi. Kwenye kumbukumbu za makao makuu hapakuwa na kosa lolote: mfumo ulifanya kazi kama ulivyotakiwa, na vocha ambayo haikuingizwa haikuhesabiwa kuwa imekataliwa. Hiyo ndiyo shida ya mwenye teminali. Akikatika, makao makuu hayamsikii akilia. Yanaona tu kwamba amenyamaza.

Kuna gharama ya pili, ya ujuzi. Zamani kila halmashauri yenye seva ilihitaji kijana mmoja wa kuitunza, na kijana huyo alijifunza. Leo vijana wetu wanaomaliza vyuo na kupangiwa wilayani hukuta kazi ya kubadilisha nywila na kufuta vumbi, na wenye ari huondoka kwenda mahali ambapo seva ziko. Mwaka 1974 ulitufundisha nini maana ya kuwa na mashine ambayo wachache wanaijua. Siku hizi wanaoijua ni Watanzania wenzetu, na hayo ni maendeleo makubwa, lakini bado wamekusanyika katika miji miwili.

Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Wakati huo wengi wetu tulitambua kwa mara ya kwanza vitu gani tunavyovitumia vimo nchini na vipi vimo ng'ambo. Habari inayotoka Sumbawanga kwenda Dodoma haina haja ya kupita baharini. Barua-pepe na majalada tuliyoyaweka katika seva za Ulaya yanapita huko. Kila mtumishi wa umma angefaa aweze kujibu kwa sentensi moja: daftari langu liko wapi, na likikatika nitafanya nini siku ya kwanza?

JAMBO LA CHAMA CHETU

Nimekuja kwenye sababu iliyonifanya nichague habari hii. Katika mkutano huu tutajadili chumba cha kompyuta cha shule yetu. Wengine wamependekeza tununue kompyuta 20 kamili. Wengine wamependekeza seva moja na teminali 20, kwa kuwa ni nafuu, na kwa kuwa kompyuta kuukuu ambazo baadhi yetu tunaweza kuzitoa ofisini kwa utaratibu halali zinaweza kufanywa teminali. Programu ya bure iitwayo LTSP, iliyoanza mwaka 1999, imefanya kazi hiyo katika shule za nchi nyingi.

Mimi nauunga mkono mpango wa pili, kwa masharti. Kwanza, seva ikae hapahapa shuleni, na vitabu, mitihani ya zamani na masomo ya sayansi viwe ndani yake, ili mtandao wa nje ukikatika darasa liendelee. Hilo ndilo ilungu la karibu. Pili, ziwe seva mbili, ya pili ikiwa tayari kushika kazi, kwa maana katika mpango wa kompyuta 20 kamili mashine moja ikifa wanafunzi 19 wanaendelea, lakini katika mpango wa teminali seva moja ikifa wote 20 wanaangalia ukuta. Tatu, pawe na betri za kutosha. Teminali na kioo chake hula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani, kwa hiyo betri za kazi hii hazitatushinda. Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, walimu wawili na wanafunzi wanne wa kila kidato wafundishwe kuifungua seva, kuizima, kuirudishia nakala zake na kuitengeneza. Wanafunzi hao wakimaliza shule watakuwa wameona upande wa pili wa kioo, ambao wengi wetu tulifika Chuo Kikuu bila kuuona.

Kwa hesabu yangu sharti la pili litaongeza gharama, na najua mkutanoni patatokea hoja kwamba seva ya pili ingojee mwaka kesho. Nawaomba ndugu zangu tusikubali. Fedha za seva ya pili zikusanywe kabla ya fedha za kioo cha ishirini. Nikiwa hai na mwenye afya, nitachangia upande huo, na nitamkumbuka yule fundi wa madarasa mawili nitakapokuwa nikitia mkono mfukoni.